Shangazi, nataka kwenda Disney bila watoto

Kwako shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Minneapolis na mume wangu ambaye kwao ni Mombasa. Mwakani tunatimiza miaka kumi na mitano ya ndoa. Wifi yangu amekubali kukaa na watoto wiki nzima, na mimi nimeshasema ninakotaka kupelekwa: Walt Disney World, kule Florida. Mume wangu anacheka. Anasema ile ni safari ya watoto, na watu wazima wakienda kule wanalipa pesa nyingi ili wakasimame kwenye foleni. Dada zangu nao kwenye kundi la WhatsApp wamenigeuza kichekesho.

Tunaweza kulala siku tano, na pesa zetu si za kuchezea. Mume wangu ana goti linalomsumbua. Hatunywi pombe na tunakula halali. Nimeona hoteli yenye majina ya Kiswahili na twiga wanaopita nje ya dirisha, moyo wangu umekwenda huko, lakini bei yake inatisha. Tulale humo, au tutafute ya nje? Tununue tiketi za siku ngapi, na twende mwezi gani? Halafu kuna hiki kitu cha kulipia foleni, Lightning Lane. Nimekisoma mpaka nimechoka na bado sijakielewa. Nisaidie kabla sijashindwa ubishi huu.

Mama Salma, Minneapolis

*

Marahaba, Mama Salma, na hongereni kwa miaka kumi na mitano.

Baba Salma ana haki katika jambo moja tu. Mkienda kwa ratiba ya wenye watoto, yaani kuingia saa nne, kubanana na umati mchana kutwa na kutoka mkiwa hoi, mtalipa na mtasimama. Lakini nyinyi hamna wa kumbeba wala wa kumbembeleza. Mnaweza kuwa langoni saa moja na nusu asubuhi, mkaondoka saa sita, mkalala, mkarudi jioni. Kuanzia saa tano hadi saa kumi ndipo foleni zinapofika kileleni, na saa hizo nyinyi mko bwawani au kitandani. Adhuhuri na alasiri mnaziswali chumbani kwa utulivu. Karibu kila nitakachokwambia hapa kinatokana na hilo.

Twende kwenye tarehe. Chagueni wiki ya mwisho ya Januari. Sikukuu ya Martin Luther King, Jumatatu ya tatu ya mwezi huo, inakuwa imepita, mbio za marathoni za mwanzo wa mwezi zimekwisha, na sikukuu ya Marais ya katikati ya Februari haijafika. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari, kwa hiyo mko salama pia. Mchana joto huwa kwenye nyuzi 22 hivi, usiku hushuka mpaka 10, chukueni masweta. Kwa mtu anayetoka Minnesota mwezi huo, hiyo peke yake ni zawadi. Ubaya wa Januari ni kwamba bustani zao nne za burudani (Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom) hufungwa mapema kidogo, na baadhi ya michezo ya kupanda huwa kwenye matengenezo. Orodha yake iko kwenye tovuti yao, isomeni kabla ya kulipa. Mwisho wa Agosti na Septemba pia ni rahisi na watu ni wachache, ila joto hupanda mpaka nyuzi 33 na unyevu wake, mvua za radi hupiga karibu kila alasiri, na msimu wa vimbunga huanza 1 Juni hadi 30 Novemba. Krismasi hadi Mwaka Mpya na wiki ya Pasaka msisogee.

Sasa hoteli, maana hapa ndipo pesa zinapokwenda. Unayoizungumzia ni Disney's Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001. Ina majengo mawili, Jambo House na Kidani Village, yaliyozungukwa na uwanda wenye pundamilia, twiga na ng'ombe wa Ankole. Chumba kinachotazama wanyama kwa kawaida huvuka dola 600 kwa usiku, na juu yake kodi ya asilimia 12.5. Najua wapo watakaokwambia twiga wa Mikumi unamwona kwa nauli ya basi la Morogoro, na hawakosei. Lakini kuamka, ukafungua pazia, ukanywa chai kibarazani twiga akiwa hatua chache kutoka kwako ni raha ya kweli, na raha hiyo inataka muda wa kukaa chumbani. Kulipia chumba hicho siku mnayotoka saa moja asubuhi na kurudi usiku ni kutupa pesa.

Kwa hiyo gawanyeni. Usiku tatu za mwanzo laleni Pop Century, hoteli ya daraja la chini ambayo kwa kipindi hicho bei yake mara nyingi haifiki nusu ya ile ya Lodge. Usiku mbili za mwisho hamieni Lodge. Mizigo waachieni wahudumu wa hoteli ya kwanza asubuhi ya kuhama, wataipeleka ya pili bila malipo. Wakati wa kuweka nafasi someni aina ya chumba neno kwa neno: chagueni kilichoandikwa Savanna View. Kilichoandikwa Standard View kinaweza kutazama maegesho au paa, na hapo mtakuwa mmelipia jina. Na kama pesa hazitoshi kabisa, laleni Pop Century siku zote tano, halafu wekeni nafasi ya chakula cha mchana Lodge. Baada ya kula mnaweza kwenda kwenye vibaraza vya wazi kutazama wanyama kama wageni wengine.

Hoteli ya nje ya Disney inaonekana rahisi mpaka uongeze ada ya "resort" ya kila usiku, maegesho ya hotelini na maegesho ya bustanini. Hoteli za Disney hazina ada hiyo, maegesho ya mgeni ni bure, basi ni bure, na kila siku wageni wao huingia bustani yoyote nusu saa kabla ya wengine. Nusu saa hiyo kwenu ni dhahabu, maana mipango yote imejengwa juu ya asubuhi. Uwanja wa ndege wa Orlando, hata hivyo, hauna basi la bure tena; lilifutwa mwanzoni mwa 2022. Tengeni pesa ya Uber au ya basi la kulipia, kwenda na kurudi.

Tiketi: nunueni za siku tatu, si tano. Siku ya kufika msiitumie, siku ya kuondoka msiitumie, na siku nzima ya Lodge haihitaji tiketi. Tiketi ya siku tatu ina dirisha la siku tano la kutumika, kwa hiyo si lazima siku zifuatane. Kwa bei za 2025, tiketi ya siku moja ilianzia dola 119 Animal Kingdom siku za chini na kukaribia 200 Magic Kingdom siku za sikukuu, bila kodi ya asilimia 6.5, siku zikiongezeka, bei ya kila siku hushuka. Ruhusa ya kuhama bustani siku ileile, Park Hopper, hulipiwa zaidi. Nyinyi mnaihitaji kwa siku moja tu, lakini huuzwa kwa tiketi nzima, kwa hiyo pigeni hesabu kwanza.

Siku ya kwanza ya tiketi iwe Magic Kingdom. Pandeni basi la hoteli, msiende na gari la kukodi: basi hushusha langoni kabisa, mwenye gari huachwa ng'ambo ya ziwa akapande tena kivuko au treni ya juu. Ile nusu saa ya mapema hufungua upande wa Fantasyland na Tomorrowland tu. Nendeni moja kwa moja kwenye treni za kasi, TRON au Seven Dwarfs Mine Train, kisha rudini nyuma kwenye Haunted Mansion na Pirates of the Caribbean kabla ya saa tano. Usiku rudini kwa fataki. Zikimalizika, umati wote humwagika kwenye mlango mmoja. Kaeni kwenye benchi dakika 40, mtakuta foleni ya basi imepungua.

Siku ya pili mtaona faida ya kulala Pop Century. Pale kuna kituo cha Skyliner, vijumba vinavyoning'inia kwenye kebo. Mnabadilisha Caribbean Beach, njia moja inakwenda Hollywood Studios, nyingine EPCOT. Radi ikipiga karibu husimamishwa, hapo tumieni basi. Asubuhi fanyeni Hollywood Studios, jioni EPCOT. Kama hampendi filamu za Star Wars wala Toy Story, ruka Hollywood Studios kabisa, baki EPCOT tu na pesa ya Park Hopper mmeiokoa. Sioni dhambi yoyote katika kuacha bustani moja kati ya nne.

EPCOT ndiyo bustani ya watu wazima hasa. Nyuma yake kuna ziwa lililozungukwa na mabanda ya nchi kumi na moja, Meksiko hadi Kanada, mzunguko wa karibu kilomita 2. Sehemu hiyo kwa kawaida hufunguliwa saa tano, msiikimbilie asubuhi. Banda la Moroko lilijengwa kwa msaada wa Mfalme Hassan II, aliyetuma mafundi wake kukata na kupanga vigae kwa mkono. Sogeeni karibu na ukuta mtazame vile vipande vidogo vilivyoingiana. Kisha pandeni Living with the Land, mashua ya polepole inayopita kwenye mabanda ya kioo yenye nyanya, matango na samaki wa kufugwa, mazao yakikua bila udongo. Goti la Baba Salma litashukuru. Kwa kuwa hamnywi, fanyeni EPCOT kati ya Jumatatu na Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi jioni wengi huizunguka nchi kwa nchi wakinywa glasi kila banda, na ikifika saa mbili usiku makelele yanakuwa mengine.

Siku ya tatu, siku ya kuhamia Lodge, ni Animal Kingdom. Nusu saa ya mapema itumieni kwa mchezo wa Avatar Flight of Passage, halafu kabla ya saa nne muwe kwenye Kilimanjaro Safaris, gari la wazi linalopita uwandani kama dakika 20. Asubuhi wanyama wamesimama wanakula; saa saba mtaona migongo iliyolala kivulini. Baada ya hapo tembeeni kijiji cha Harambe, ambacho wabunifu wake walikichota Lamu: vichochoro, plasta iliyobanduliwa kwa makusudi, mabango ya Kiswahili ukutani. Wageni wengine hupita haraka wakitafuta popkoni. Nyinyi mtasoma kila kibao na kucheka mpaka machozi. Saa saba mko njiani kwenda Lodge kwa basi, safari fupi. Kutoka Lodge kwenda Magic Kingdom si fupi hata kidogo, maana hakuna usafiri mwingine zaidi ya barabara, ndiyo maana nimeiweka mwisho.

Haya, Lightning Lane. Kila mchezo mkubwa una foleni mbili: ya kawaida, isiyolipiwa, na ya haraka, ya kulipia. Malipo yako namna mbili. Multi Pass, iliyoanza Julai 2024, unalipa mara moja kwa siku nzima na kuchagua michezo mitatu ya bustani moja, kila mmoja na saa yake ya kufika. Ukishaskani mmoja, unaruhusiwa kuongeza mwingine, na huo unaweza kuwa wa bustani nyingine. Single Pass ni ya mchezo mmoja mmoja, ile iliyo maarufu zaidi, kama Rise of the Resistance, Flight of Passage au TRON, nayo hununuliwa peke yake. Bei hubadilika kwa siku na kwa bustani: Multi Pass huweza kuwa chini ya dola 20 kwa mtu au kuvuka 35. Kuna ya tatu, Premier Pass. Hiyo waachieni wenye visima vya mafuta.

Wageni wa hoteli za Disney hununua siku 7 kabla ya kuingia hotelini, kwa siku zao zote. Wengine ni siku 3. Dirisha hufunguliwa saa moja asubuhi kwa saa za Florida, na hapa ndipo watu wa kwenu wanapoumia: Minnesota mko nyuma kwa saa moja, kwenu ni saa kumi na mbili. Ukiamka saa moja yako, mchezo kama Slinky Dog Dash wa Hollywood Studios umeshachukuliwa. Usiku wake hakikisha tiketi zote mbili zimeonekana kwenye programu ya My Disney Experience chini ya akaunti moja, na kadi ya benki imeshaingizwa. Katika Magic Kingdom, EPCOT na Hollywood Studios michezo ya Multi Pass imegawanywa makundi mawili: unaruhusiwa mmoja tu kutoka kundi la juu, la michezo inayogombewa zaidi, na miwili kutoka kundi la chini. Anza na ule wa juu. Na chagua saa za mapema, saa tatu hadi saa tano. Ukichagua usiku yote mitatu, hutaongeza wa nne mpaka uskani wa kwanza, kwa hiyo mchana kutwa pesa yako imekaa haifanyi kazi. Mchezo ukiharibika ndani ya saa yenu, msihuzunike. Pasi hugeuka kuwa ya kutumika kwenye michezo mingine kadhaa siku hiyo.

Kwa Januari nunueni Multi Pass ya Magic Kingdom, na ya Hollywood Studios kama mtakwenda. Animal Kingdom na EPCOT, kwa watu wanaoamka mapema, siioni kazi yake. Smugglers Run pale Hollywood Studios ina foleni ya mtu mmoja mmoja, bure na ya haraka. Mtakaa mbalimbali dakika chache, ndoa haitavunjika.

Goti. Kutembea kilomita 10 hadi 15 kwa siku kule ni kawaida, kwa hiyo viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu. Viatu vipya vitampa malengelenge siku ya kwanza na kuharibu zilizobaki. Msitegemee ile ruhusa ya walemavu iitwayo DAS: tangu 2024 imelengwa kwa watu wenye hali kama usonji, si wenye shida ya kutembea. Anayeumwa goti hushauriwa kutumia kiti cha magurudumu au kiskuta cha umeme, na foleni nyingi zina nafasi ya kukipitisha. Cha kukodi bustanini hakitoki nje ya lango. Kama anakihitaji mpaka hotelini, kodisheni kwa kampuni ya nje. TRON na Flight of Passage mtu hukaa kama juu ya pikipiki, na kizuizi hubana miguu kwa nyuma au kwenye muundi. TRON ina viti vya kawaida mwishoni mwa treni, viombwe kwa mhudumu. Flight of Passage ina kiti cha kujaribia mlangoni. Ajaribu kabla ya kusubiri saa nzima. Wewe nawe, ushungi ubane kwa pini au vaa wa kuchomeka, na dera ndefu liache hotelini, linanasa kwenye mageti na vyombo.

Chakula. Nafasi za meza migahawani hufunguliwa siku 60 kabla, na mgeni wa hoteli huweza kuweka za siku zake zote, mpaka siku 10, kwa mara moja. Kwa Florida ni saa kumi na mbili asubuhi. Kwenu kumi na moja alfajiri, baada tu ya kula daku kama mna kawaida ya sunna. Wekeni Sanaa, iliyo Kidani Village, chakula cha mchana, maana usiku hamtaona wanyama vizuri. Agizeni ile sahani ya mikate: mikate mitano, naan za aina tatu, kulcha ya vitunguu na paratha ya paneer, na vibakuli tisa vya kuchovya, vikiwemo chatne ya ukwaju, ya embe, ya giligilani, raita ya matango, achari ya kitunguu saumu, jamu ya nyanya na tende. Haina nyama, inawashibisha wawili. Boma, iliyo Jambo House, ni ya kujipakulia mpaka utosheke. Ule utamu wake mashuhuri, Zebra Domes, kwa asili hutiwa Amarula, ambayo ni kileo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kugusa.

Kwa halali, andikeni ombi ndani ya nafasi yenu mapema, kisha mezani mwombeni mpishi aje mwongee naye. Hakuna atakayekasirika. Pasipo uhakika, samaki na mboga. Jihadharini na maharage yanayopikwa na nyama ya nguruwe na pipi za gelatini. Maji ya baridi hutolewa bure kwenye kaunta za chakula cha haraka, ombeni kikombe, msinunue chupa. Chakula chenu pia mnaruhusiwa kuingia nacho, ila si vyombo vya glasi. Pawabenki ni lazima. Tiketi, ramani na oda za chakula vyote viko kwenye simu, na saa kumi jioni betri huwa imekwisha.

La mwisho, nunueni tiketi kwa Disney wenyewe au kwa muuzaji waliyemwidhinisha. Vibanda vya barabarani kule Kissimmee vinavyouza "tiketi zilizobaki siku mbili" msiviguse, tiketi iliyoanza kutumiwa na mtu haihamishwi kwa mwingine. Na akitokea mtu wa kuwapa tiketi za nusu bei mradi mkasikilize maelezo kidogo tu, huyo anauza hisa za nyumba za likizo. Maelezo yake hufanywa asubuhi, huchukua saa mbili na zaidi, na mkitoka hapo ni saa tano.